Steven na kijana anayebaki kihambani

Katika katuni ya Steven Universe Future ipo sehemu iitwayo Little Graduation, ambayo natamani itazamwe na kila mzazi wa hapa Moshi mwenye kijana aliyemaliza shule na bado yuko nyumbani. Steven, ambaye sasa ana miaka 16, amefika kwenye mahafali ya shule ambayo yeye mwenyewe alihangaika kuianzisha. Amekuja kufurahi na marafiki zake wa tangu utotoni. Pale pale habari zinamwangukia moja baada ya nyingine: bendi ya Sadie imeshavunjika, Sadie ana mpenzi mwingine, na Lars anafunga duka lake la keki ili arudi angani na wenzake. Hakuna aliyemficha kwa ubaya. Maisha yao yalisogea tu, na yeye hakuwemo. Steven anajilazimisha kutabasamu mpaka tabasamu lenyewe linamshinda, nguvu zake zinamponyoka, na kuba la rangi ya waridi linamfungia ndani pamoja na rafiki zake. Kisha kuba lile linaanza kusinyaa.

Wapo watazamaji waliomchoka Steven kuanzia hapo. Walimzoea mtoto mchangamfu, mwenye huruma kwa kila kiumbe, anayemaliza ugomvi kwa wimbo. Sasa wanamwona kijana mwenye hasira za ghafla, anayeng'ang'ania watu na kuapa kuwa yuko salama huku mwili wake unawaka. Mimi naona katuni hii ilipata uzito wake hapo hapo ilipowaudhi. Ilimchukua mtoto mwema kuliko wote, yule anayesifiwa na kila mtu, ikauliza swali ambalo sisi wakubwa hulikwepa: mtu aliyelelewa kuwa msaada wa wengine atafanya nini siku hao wengine watakapokuwa hawamhitaji tena?

Kwa asiyeijua hadithi, nitaieleza kwa kifupi. Steven Universe ilitungwa na Rebecca Sugar, ikaanza kuonyeshwa Cartoon Network Novemba 2013. Baba yake Steven, Greg, ni mwanamuziki aliyeishia kuendesha sehemu ya kuoshea magari katika mji mdogo wa pwani uitwao Beach City. Mama yake alikuwa kiumbe wa vito kutoka sayari nyingine, na ilimbidi aiache nafsi yake ili mtoto azaliwe. Steven akabaki na jiwe la mama yake kitovuni na walezi watatu, Garnet, Amethyst na Pearl, ambao nao walikuwa na majeraha yao. Alikua akipigana vita alivyoviacha mama yake. Mfululizo wa kwanza uliisha Januari 2019 vita vikiwa vimekwisha, na Desemba mwaka huo ikaanza Future, sehemu 20 zilizokamilika Machi 2020. Amani imepatikana, adui wameshakuwa rafiki, na shujaa hana kazi.

Katuni nyingi haziruhusu hali hiyo itokee. Bart Simpson wa katuni ya The Simpsons ana miaka 10 tangu 1989, na hakuna anayeshangaa. Mtoto wa katuni hubaki mtoto ili sisi tuendelee kumtazama. Waandishi wa Steven waliigeuza kanuni hiyo ikawa tatizo la mhusika mwenyewe. Kabla ya Future, katika sehemu inayohusu siku anapotimiza miaka 14, rafiki yake Connie anashtuka kusikia umri wake, maana anaonekana mdogo mno. Steven anaingiwa na hofu kwamba Connie atakuwa mtu mzima na yeye atabaki vile vile, basi anatumia nguvu zake kujirefusha. Anapita siku nzima akiwa amejinyoosha, anaumia na hasemi, mpaka nguvu zinamwishia na anageuka kitoto kichanga. Inaeleweka kwamba mwili wake hufuata anavyojiona moyoni. Maana yake, hofu ya kuachwa nyuma haikuanza alipofika miaka 16. Ilikuwepo tangu mwanzo, imefunikwa na kazi ya kuwaokoa watu.

Tuwe wakweli kuhusu hao marafiki, kwa sababu uchambuzi mwingi wa hadithi za namna hii hutafuta wa kulaumiwa. Lars hakukosea kwenda zake. Sadie hakukosea kuacha bendi. Connie, ambaye ni rafiki wa karibu kuliko wote, anasoma usiku na mchana kwa sababu anataka kwenda chuo, na hilo ni jambo jema kabisa. Steven anapomchumbia ufukweni, akiwa na miaka 16 na bila mpango wowote zaidi ya kutaka wawe pamoja siku zote, Connie anamjibu kwa upole kwamba wakati bado. Hamcheki, hamtoroki, wala hakubali kwa huruma. Kwangu mimi hilo ni moja ya majibu ya kiungwana kabisa niliyowahi kuyaona kwenye katuni. Ila jibu la kiungwana nalo linaweza kumwangusha mtu ambaye hakuwa na nguzo nyingine.

Kwa nini hakuwa na nguzo nyingine? Hapa ndipo ninapoirudisha hadithi huku kwetu mlimani Kilimanjaro. Wachaga wana jani la isale, lile linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye makazi. Mtu aliyekosa akitaka kusamehewa huchukua isale akaenda nalo kwa aliyemkosea, na likishapelekwa kwa heshima ni vigumu kulikataa. Steven alishika isale tangu utotoni, na kosa halikuwa lake. Kila alikokwenda alikutana na mtu aliyeumizwa na mama yake: aliyedanganywa, aliyefungiwa, aliyetelekezwa bustanini kwa maelfu ya miaka. Kila mara mtoto yule alisimama mbele yao akaomba yaishe. Wakubwa walimpongeza kwa moyo wake mkubwa. Hakuna aliyemwambia kwamba deni lile halikuwa lake, na hakuna aliyemfundisha ufundi mwingine wa kuishi. Shule hakwenda. Daktari hakuwahi kumwona.

Huyo daktari anafika kwenye sehemu iitwayo Growing Pains, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kilele cha kazi yote. Baada ya uchumba kukwama, mwili wa Steven unaanza kuvimba hapa na pale. Connie anampeleka hospitali kwa mama yake, Dokta Maheswaran, mwanamke mkali asiyependa utani. Daktari anapiga picha za eksirei na kukuta mifupa iliyowahi kuvunjika mara nyingi ikajiunga yenyewe, hata fuvu. Kisha anaeleza kwa lugha ya kitabibu, taratibu, kwamba mtoto aliyekulia kwenye hatari hujengeka mwili wenye tahadhari muda wote. Kichocheo cha kortisoli kinachopaswa kupanda wakati wa kufa na kupona kinapanda hata kwa jambo dogo, na mwili unashindwa kutofautisha. Kukataliwa na mpenzi kunapokelewa kama shambulio. Hakuna pepo, hakuna laana, wala hakuna ukosefu wa shukrani. Kuna kiwewe, na kina njia yake ya kupita mwilini.

Nikiitazama sehemu hiyo nawaza kijana wa Pasua au Majengo, mitaa ya hapa Moshi, anayeingia zahanati na malalamiko kama hayo: kichwa kinauma, kifua kinabana, usingizi hakuna, moyo unakwenda mbio. Atapimwa malaria. Atapimwa na taifodi, maana ndiyo desturi. Vipimo vikionyesha hana kitu atapewa panado aende nyumbani, na kesho mama yake atauliza ni nani amemwangalia vibaya. Swali la umeishi vipi tangu ulipokuwa mdogo halitaulizwa, kwa sababu foleni ni ndefu na kwa sababu sisi wenyewe hatulioni kama swali la hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Ukichukua darasa la kidato cha tatu lenye wanafunzi 40 na kitu, hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe.

Sasa kihamba. Kwa mila, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Wakubwa zake hupewa sehemu nyingine au hutoka kutafuta, naye hubaki na migomba, kahawa, ng'ombe na wazee. Tunaliita hilo baraka, na mara nyingi ni baraka kweli. Ardhi ya mlimani imekuwa finyu kiasi kwamba mwenye kihamba anaonewa wivu. Lakini katika mazungumzo yote ya urithi niliyowahi kukaa, nimesikia ekari, mipaka na nani alipanda mti upi. Sijasikia mtu akimuuliza anayebaki kama anataka kubaki.

Namfahamu mmoja huko Kibosho. Wenzake aliosoma nao wametawanyika: mmoja yuko Chuo Kikuu cha Dodoma, mwingine yuko Kariakoo dukani kwa mjomba wake, mwingine ni mgumu, anapandisha mizigo ya wageni mlimani kupitia lango la Machame. Yeye anakata majani ya ng'ombe, anasafisha mfongo, mfereji wa kumwagilia, zamu ya maji ikifika, na anampeleka mama yake kliniki ya presha. Ni msikivu mno. Ukipita asubuhi anakuamkia kabla hujamwona.

Desemba yote huku kunajaa. Mabasi yanashuka watu usiku kucha, magari ya namba za Dar yanapandisha barabara ya vumbi, na kila boma lina moshi wa nyama. Nilikaa nao jioni moja. Yeye ndiye aliyechinja mbuzi, ndiye aliyekoroga kisusio, supu ya damu na nyama, ndiye aliyezunguka na mbege, pombe yetu ya ndizi. Wenzake walikaa wakazungumza habari za sapu, yaani mitihani ya kurudia, na bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, lililochelewa, habari za chumba cha kupanga na mwenye nyumba msumbufu. Alicheka walipocheka. Mara mbili nilimwona anacheka kwa kuchelewa kidogo, akiangalia nyuso zao kwanza. Kisha aliyetoka Dar akampiga begani: "Mwanangu, wewe hubadiliki aisee! Tukija tunakukuta vile vile." Ilikuwa sifa, ilisemwa kwa upendo. Kijana akasema "Nipo, mangi," akachukua mtungi akaenda jikoni.

Hakukuwa na kuba la waridi. Vijana wetu hawana nguvu za kuonyesha kwa rangi kinachowachoma, na ndiyo maana tunaweza kuishi nao miaka bila kujua. Kinachoonekana kwetu ni mtu aliyeanza kunywa mbege asubuhi, au aliyeacha kwenda kanisani, au anayemfokea mama yake ambaye hakuwahi kumfokea. Tunasema ameharibika. Steven naye, mtu akiangalia matendo yake tu, ameharibika: analigongesha gari la baba yake kwa hasira, anamfokea Greg kwa kuwa na utoto wa kawaida na kuukimbia, na katika pambano na Jasper, kiumbe wa vito aliyewahi kuwa adui yake, anapiga mpaka anamvunja vipande. Katuni haimtetei kwa hayo. Inatuonyesha tu mstari unaotoka kwenye sifa za utotoni hadi kwenye mikono ile, na mstari huo haukatiki.

Hapo nina ugomvi wangu na waandishi. Jasper anavunjika, na ndani ya dakika chache anarudishwa mzima kwa nguvu za vito. Naelewa ni kipindi cha watoto, na Steven habebi tukio lile kirahisi. Bado, nguvu zile zinaondoa swali zito ambalo hadithi ilikuwa imelifikia kwa ujasiri: kijana mwema akishamdhuru mtu kwa namna isiyorudishika, anaishi vipi? Kisha yanakuja mageuzi ya mwisho. Steven anageuka jitu kubwa la waridi linalonguruma baharini, wote wanataka kupigana nalo, na Connie ndiye anayewasimamisha. Anawaambia kwamba huyu aliwasaidia wote walipokuwa hoi, na sasa ni zamu yao. Wanakwenda kumkumbatia, hata waliowahi kuwa adui zake, mpaka anarudi kuwa kijana anayelia.

Ni onyesho zito na nililitazama nikiwa na donge kooni. Lakini baada yake tunaruka miezi kadhaa. Sehemu ya mwisho inatukuta Steven ametulia, anaongea na mtaalamu wa saikolojia, anafungasha. Kazi yote ya kupona imefanyika wakati sisi hatupo. Kumkumbatia mtu huchukua dakika. Kumsikiliza kila wiki kwa mwaka mzima, na siku nyingine hana la kusema ila hasira, hiyo ndiyo kazi ninayotamani wangethubutu kuionyesha. Hata sehemu tatu zingetosha.

Connie ninamrudia, maana yeye ndiye jibu la hofu ninayoisikia kwa vijana waliotoka. Wengi wanadhani wakimjali aliyebaki itawabidi warudi, au waone haya kwa kufanikiwa, kwa hiyo wanachagua kutompigia kabisa. Connie hakuacha masomo. Hakukubali uchumba ili kumtuliza mtu. Aliendelea na ratiba yake, na alipoona rafiki yake anaumwa alimpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, akamwambia mama yake ukweli. Jambo la msingi ni kwamba aliliona mapema, kwa sababu hakuwa amekata mawasiliano. Mambo mawili yaliwezekana kwa mtu mmoja: kusonga mbele na kubaki rafiki.

Mwisho wa katuni, Steven anaondoka Beach City kwa gari lake, anakwenda kuona nchi na kuishi bila kumtumikia mtu. Garnet, Amethyst na Pearl wanajikaza wasilie ili asibadili mawazo, na yeye anaumia akidhani hawajali, mpaka wanashindwa kujizuia. Kwa Steven kuondoka ni dawa. Kwa kijana wa Kibosho dawa hiyo ina bei. Akiondoka yeye, nani atakata majani? Nani atamshika mkono mama akiteremka kwenda kliniki? Hapa mfano wa katuni unafika mwisho wake, na inabidi tufikiri wenyewe.

Familia nyingi za huku hukaa kikao cha ukoo kati ya Krismasi na mwaka mpya. Ajenda zinajulikana: michango ya harusi, kaburi la babu linalotaka kujengewa, ada za watoto, mgogoro wa mpaka. Napendekeza kuongezwa jambo moja, na liwe la mapema kabla watu hawajachoka: huyu anayebaki na wazee, anaendeleaje, na zamu yake ya kutoka ni lini. Kaka aliye Dar anaweza kuchanga mshahara wa kijana wa kukata majani kwa miezi sita. Dada aliye Arusha anaweza kumchukua mama kipindi cha kliniki. Miezi sita inatosha kozi fupi ya ufundi pale VETA Moshi, inatosha kwenda kuishi kwa rafiki Dodoma na kuona bumu linavyochelewa, inatosha hata kugundua kwamba anapenda kihamba na anataka kurudi. Akirudi kwa kuchagua atakuwa mkulima mwingine kabisa.

Na kama tayari ameshaanza kunywa asubuhi au hatoki kitandani, hospitali ya rufaa ya KCMC ipo hapa hapa Moshi na inahudumia wagonjwa wa akili. Mtu aende naye, akae kwenye foleni pamoja naye, na nauli ya kurudi wiki inayofuata iwekwe kwenye bajeti ya kikao kama zinavyowekwa fedha za saruji ya kaburi.